Reli Ikifika Mtwara, Abiria Aingieje Mjini? Njia Nne Zikilinganishwa

Reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay imo kwenye mipango ya serikali kwa miaka mingi. Ni takriban kilomita 1,000 kutoka bandarini, kupitia Masasi, Tunduru na Songea hadi Ziwa Nyasa, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Ukisikiliza mazungumzo yake, karibu yote ni ya mizigo: makaa ya mawe, chuma, saruji, korosho. Ni sawa, maana mizigo ndiyo itakayolipa deni la reli. Lakini yuko mtu ambaye hatajwi sana. Ni mwanafunzi anayekaa Mikindani na kusoma Mtwara mjini. Ni mama anayetoka Mtama na mtoto mgonjwa kwenda hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo. Ni mchuuzi aliyebeba ndoo za samaki na anataka kuwahi soko kabla jua halijapanda. Huyo reli itamshusha wapi, na kutoka hapo atafikaje anakokwenda?

Majibu yanayotolewa ni manne. Wapo wanaosema treni ya kawaida inatosha, bajaji zitamalizia. Wapo walioona tramu za Ulaya, yaani magari ya reli yanayopita mitaani, zinazoanzia katikati ya jiji, zikapanda reli kuu na kwenda hadi vijijini bila abiria kushuka, wakasema tunataka hiyo. Wapo wanaotaka aina nyepesi ya tramu hiyohiyo, isiyohitaji nyaya za umeme njia nzima. Na wapo wasiotaka habari ya reli kwa abiria kabisa: tupeni mabasi mazuri na barabara nzuri, basi.

Mtu anaweza kuona haya ni mambo ya mbali. Sehemu moja ni ya sasa, nayo ni ramani. Mji wa Karlsruhe, kusini-magharibi mwa Ujerumani, ulihamisha stesheni yake kuu mwaka 1913 ikawa kama kilomita 2 kutoka katikati ya mji. Karibu miaka 80 baadaye ndipo walipopata njia ya kumfikisha abiria wa treni sokoni bila kumshusha, na njia hiyo ndiyo iliyozaa tramu tutakazozizungumzia. Stesheni ikishajengwa haihami kirahisi, na nyumba zikishajengwa kando ya barabara hazibomolewi bila machozi na fidia.

Tupime kwa vigezo gani

Kigezo cha kwanza kwangu ni kubadilisha chombo. Safari ya kilomita 40 inayomlazimu mtu kushuka mara mbili humchosha kuliko ya kilomita 60 asiyoshuka. Kila anaposhuka analipa nauli nyingine, anasubiri juani au mvuani, anashusha mzigo na kuupandisha tena. Ukiwa na mtoto mgongoni na ndoo mkononi, hapo ndipo safari inapokuwa adhabu.

Cha pili ni pesa, na hapa kuna pesa za aina mbili. Pesa za kujenga huwa na mfadhili na sherehe ya kukata utepe. Za vipuri na matengenezo hazina sherehe. Addis Ababa ilifungua reli yake nyepesi ya mjini mwaka 2015 ikiwa na treni 41, na miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimesimama karakanani kwa kukosa vipuri. Ndiyo maana chini ya kila chaguo nitauliza nani ataitengeneza.

Cha tatu ni kushirikiana reli na mizigo. Reli hii ya Kusini huenda ikawa ya njia moja sehemu kubwa, yaani treni mbili zinapishana kwenye vituo vya kupishania tu. Piga hesabu: vituo hivyo vikiwa kilomita 10 kutoka kimoja hadi kingine, na treni inakwenda kilomita 60 kwa saa, kipande hicho kinachukua dakika 10 kwenda na 10 kurudi. Kwa hiyo huwezi kutuma treni upande mmoja kwa nafasi iliyo chini ya dakika 20, hata kabla hujaingiza treni ya saruji ya Dangote kutoka Msijute. Chombo chochote cha abiria kitakachotumia reli hiyo kitaishi ndani ya hesabu hii.

Cha nne ni mamlaka. Reli ni ya TRC, barabara kuu ni ya TANROADS, barabara za mitaa ni za TARURA, nauli na leseni ni za LATRA, na mji ni wa Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Chombo kinachokaa kwa mwenyewe mmoja huanza mapema. Kinachovuka mipaka ya watano kinahitaji makubaliano ya watano.

Niongeze moja linalotokana na historia yetu. Kusini ilishawahi kuwa na reli. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, ikaunganisha Nachingwea na pwani, kwanza Mkwaya karibu na Lindi, baadaye bandari mpya ya Mtwara. Mradi ulivunjika 1951. Reli iliendelea kwa shida, ikafungwa 1962 na kung'olewa. Ilikuwa imejengwa kwa zao moja, na zao hilo liliposhindwa haikubaki na wateja wa kutosha kuitetea. Ndiyo maana sikubali wanaosema suala la abiria lisubiri mpaka mizigo ikae sawa.

Chaguo la kwanza: treni ya kawaida na bajaji kumalizia

*Inavyokwenda.* Treni hukaa kwenye reli kuu na kuishia stesheni. Mfano tunaoujua ni ile iliyopewa jina la treni ya Mwakyembe, Dar es Salaam, iliyoanza Oktoba 2012. Haikujengewa reli mpya. Ilitumia reli ya upana wa meta moja iliyokuwapo, kati ya Stesheni na Ubungo, na nyingine ikatumia reli ya TAZARA, asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakirudi. Mfano wa pili ni treni ya umeme ya SGR iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024, yenye uwezo wa kilomita 160 kwa saa.

*Gharama na matunzo.* Kati ya njia tatu za reli, hii ndiyo rahisi. Mafundi ni walewale wa reli kuu, karakana ni ileile, vipuri vinaagizwa pamoja. Mwenye mamlaka ni mmoja, TRC, na LATRA juu yake. Treni moja ikiongezwa mabehewa inabeba watu mia kadhaa, na siku za sikukuu hilo si jambo dogo.

*Kwa abiria.* Kila kitu kinategemea stesheni itakaa wapi. Hapa Mtwara ina bahati ambayo Karlsruhe haikuwa nayo. Bandari iko ubavuni mwa mji, na reli lazima ifike bandarini, kwa hiyo stesheni ya abiria ikijengwa upande huo, Shangani na Ligula ni safari fupi ya bajaji, na wengine watatembea kwa miguu. Ikijengwa nje ya mji kwa sababu ardhi huko ni rahisi, faida hiyo imepotea. Udhaifu wake wa pili ni vituo. Treni nzito inachukua muda kusimama na muda kuondoka, hivyo haiwezi kusimama kila kilomita moja. Itasimama Mikindani, labda, kisha mbali sana. Anayekaa Mangamba atairudia Mtwara au Mikindani ili aipande, na akishafanya hivyo, kwa nini asipande daladala moja kwa moja?

Kwa Lindi hali ni ngumu zaidi. Mji wa Lindi uko pembeni ya njia ya kwenda Masasi. Bila tawi, msafiri wa Lindi atashushwa jirani na Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi, kisha atafute gari la kilomita 20 na ushei. Huyo hajasaidiwa.

*Inamfaa nani.* Msafiri wa mbali: Masasi, Tunduru, Songea. Kwa safari ya saa kadhaa, dakika 15 za bajaji mwishoni si kitu. Kwa wa kila siku wa kilomita 10, hapana.

Chaguo la pili: tramu inayopanda reli kuu, yenye umeme wa aina mbili

*Inavyokwenda.* Tarehe 25 Septemba 1992, Karlsruhe ilianza kuendesha tramu zinazotoka barabarani katikati ya mji, zikapita kipande kifupi cha kuunganisha, zikaingia kwenye reli ya taifa na kwenda hadi mji mdogo wa Bretten. Dieter Ludwig, aliyeongoza usafiri wa mji huo, ndiye anayetajwa zaidi kwa kazi hiyo. Mjini gari linakula umeme wa volti 750 wa mkondo mnyoofu kama tramu yoyote. Kwenye reli kuu linakula kilovolti 15 za mkondo geu kama treni za Ujerumani. Kati ya umeme mmoja na mwingine kuna kipande cha waya usio na umeme. Gari linateleza hapo kwa mwendo wake, mitambo inabadili yenyewe, na abiria hajui kilichotokea.

Hapa nataka nikae kidogo, maana uzuri wa jambo hili uko kwenye ugumu wake. Tramu na treni hazikuundwa kukutana. Gurudumu la tramu lina ukingo mfupi kwa ajili ya reli yenye mfereji iliyozikwa barabarani, na la treni lina ukingo mrefu kwa ajili ya njia panda za reli kuu. Ikabidi lichongwe gurudumu la katikati linalokubalika kote. Tramu inakata kona ya meta 25, kona ambayo treni haiwezi kuithubutu. Mwili wa treni ya Ulaya hutakiwa kustahimili msukumo wa kilonewtoni 1,500, na tramu za aina hii ziliruhusiwa kwa 600. Tofauti hiyo inafidiwa na mifumo ya ishara inayozuia kabisa treni mbili kukaribiana. Breki nazo ni kali: pamoja na za kawaida, tramu ina breki za sumaku zinazoshuka na kuibana reli, kwa sababu barabarani mtoto anaweza kukatiza wakati wowote.

*Gharama na matunzo.* Wanaoipenda husema ni rahisi kwa kuwa inatumia reli iliyopo. Kwa Karlsruhe ni kweli: reli kuu ilikuwapo, tramu ilikuwapo, kilichokosekana ni kiungo. Sisi hatuna reli kuu bado, na tramu hatujawahi kuwa nayo. Urahisi huo Wajerumani waliurithi kwa babu zao, nasi hatuwezi kuununua kwa bei yao. Hata wenye vyote viwili hujikwaa. Uingereza iliifanya Sheffield hadi Rotherham kuwa jaribio lake la kwanza. Bajeti ya mwanzo ilikuwa pauni milioni 15, ikafika 75, na huduma ikaanza Oktoba 2018 baada ya kuchelewa miaka kadhaa. Cádiz, Hispania, walifungua yao Oktoba 2022 baada ya zaidi ya miaka 10 ya ujenzi.

Vipuri ni vya pekee. Gari lenye transfoma ya kilovolti 25, ambao ndio umeme wa SGR ya Tanzania, pamoja na mitambo ya volti 750, halifanani na chombo chochote kilichopo nchini. Mafundi wangefundishwa upya.

*Kwa abiria.* Hakuna kinachoishinda. Unapanda karibu na soko, unashuka kijijini kwako. Kwa kuwa tramu inasimama na kuondoka upesi, vituo vinaongezwa karibukaribu. Njia ya Bretten ilipata vituo vipya mara tu ilipobadilishwa, na abiria wakaongezeka mara kadhaa ya waliokuwapo. Gari moja la kama meta 37 lina viti 100 hivi na nafasi ya kusimama, na mawili yakiungwa yanafika meta 75, ambayo ndiyo mwisho unaoruhusiwa mitaani Ujerumani. Mafanikio yalileta mzigo wake. Tramu zilijaa katika barabara kuu ya maduka ya Karlsruhe hadi watu wakashindwa kuvuka, ikabidi zichimbiwe njia chini ya ardhi, iliyofunguliwa Desemba 2021.

Jambo moja la mitaani kwetu: reli iliyozikwa barabarani ina mfereji unaoweza kunasa tairi nyembamba. Mji wenye baiskeli na bodaboda nyingi kama Mtwara ungehitaji kuitenga njia ya tramu pembeni kila panapowezekana.

*Inamfaa nani.* Mji wenye msongamano wa kweli, reli ya umeme iliyokwisha kukaa sawa, na miji midogo iliyojipanga kando ya reli hiyo. Kwa ukanda wetu, mstari wa Mtwara, Mikindani, Msijute, Mpapura hadi Mnazi Mmoja una umbo hilo. Watu wa kuujaza bado. Sensa ya 2022 iliuhesabu mkoa mzima wa Mtwara watu 1,634,947, wengi wao wakiwa Masasi, Newala, Tandahimba na Nanyumbu, mbali na mstari huu. Karlsruhe peke yake, bila vijiji vyake, ina watu karibu laki tatu.

Chaguo la tatu: aina nyepesi, ya mseto

*Inavyokwenda.* Chombo ni kilekile, ila kinabeba nguvu yake chenyewe mahali pasipo na nyaya. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mji mdogo wa Nordhausen, Ujerumani, wenye watu kama elfu 40 tu. Tangu 2004, tramu zake tatu zilizofungwa injini ya dizeli hutoka mitaani kwa umeme, zikafika stesheni, zikawasha injini na kupanda reli ya milimani hadi Ilfeld, ambako kituo cha mwisho kiko penye hospitali. Reli hiyo ni ya meta moja, upana uleule wa reli yetu ya zamani ya Kati, na treni za moshi bado zinapita juu yake. Mji mdogo, magari matatu, hospitali mwishoni mwa njia. Anayesema tramu za namna hii ni za majiji makubwa tu ataje na Nordhausen.

Kassel, hukohuko Ujerumani, nayo ina magari ya aina mbili: mengine ya umeme wa aina mbili, mengine ya dizeli na umeme kwa ajili ya njia ya Wolfhagen isiyo na nyaya. Hungaria ilifuata mkondo huo Novemba 2021 kwa kuunganisha miji ya Szeged na Hódmezővásárhely: umeme mitaani, dizeli kwenye reli kuu. Na Zwickau, pia Ujerumani, tangu 1999, waligeuza wazo zima. Badala ya kuitoa tramu nje, waliliingiza mjini gari jepesi la reli linalotumia dizeli. Kwa kuwa tramu za mji huo ni za meta moja na reli kuu ni ya milimeta 1,435, barabarani waliweka reli tatu ili vyombo vyote viwili vipite.

Kwetu Zwickau ndiyo yenye funzo kubwa. Huhitaji kuwa na mtandao wa tramu. Unahitaji gari jepesi la reli, kipande cha reli kutoka stesheni hadi penye watu, na ruhusa ya kupita hapo kwa mwendo wa taratibu. Pwani yetu nayo si ngeni kwa reli ya mitaani: mwanzoni mwa karne ya 20 treni ya Bububu ilikuwa ikipita katikati ya mitaa ya mji wa Zanzibar kabla ya kutoka kwenda shamba.

*Gharama na matunzo.* Unaokoa nyaya, nguzo na vituo vya kupoozea umeme mjini. Unalipa kwa injini mbili ndani ya gari moja, uzito zaidi na mafuta. Siku hizi yapo magari ya reli yanayotumia betri, yanayochaji chini ya nyaya na kukimbia bila nyaya kwa vipande vifupi. Kwa mikoa iliyokaa miaka mingi ikitegemea mtambo wa gesi ya Mnazi Bay nje ya gridi ya taifa, chombo kisichosimama umeme ukikatika kina maana yake. Upana wa reli hauna tatizo: ikijengwa ya milimeta 1,435, magari ya Kassel na Szeged ni ya kipimo hicho, na ikijengwa ya meta moja, mbali na Nordhausen kuna Alicante, Hispania, ambako tramu za meta moja hufuata pwani hadi Benidorm.

Mamlaka ni tatizo lilelile la chaguo la pili. Mara tu gurudumu la TRC linapogusa lami ya TANROADS, mkataba unahitajika: nani anaitengeneza njia, nani anasimamia taa za makutano, dereva anafuata sheria za reli au za barabarani. Ujerumani wana vitabu viwili vya kanuni na dereva anafunzwa vyote. Sisi tungeandika chetu.

*Kwa abiria.* Karibu sawa na chaguo la pili. Kelele ya injini ipo, na mwendo wa kuondoka ni mzito kidogo. Mama wa Mtama hatausikia.

*Inamfaa nani.* Mji wa kadiri wenye reli moja, abiria wa wastani na mahali pawili patatu penye mahitaji makubwa: soko, hospitali, chuo, stendi. Ukiutazama mstari wa bandarini, Ligula, Chikongola, Mangamba, Mikindani na Mitengo, sifa hizo zipo. Kinachokosekana ni reli yenyewe.

Chaguo la nne: mabasi yenye njia yao

*Inavyokwenda.* Mwendokasi wa Dar es Salaam ulianza Mei 2016 kwa njia ya kilomita 20.9. Kwa Mtwara hakuna haja ya kitu kikubwa kiasi hicho. Inatosha kuwa na njia ya basi iliyotengwa kwenye vipande vinavyoziba, vituo vyenye paa, ratiba inayoheshimiwa, na basi kubwa badala ya Hiace.

*Gharama na matunzo.* Hii inaweza kuanza mwaka huu au ujao, bila kusubiri reli ya kilomita 1,000. Mafundi wa mabasi tunao. Gesi asilia tunayo chini ya miguu yetu kule Msimbati, na injini za gesi iliyoshindiliwa zinajulikana nchini. Mamlaka ni machache. Udhaifu ni maisha ya basi: gari la reli likitunzwa linafanya kazi miaka 30 na zaidi, basi linachoka mapema zaidi. Na Dar imetufundisha kwamba mahali pa karakana si jambo dogo; ile ya Jangwani ilizama maji ya mafuriko mara kadhaa.

*Kwa abiria.* Basi linaingia popote penye lami. Kwa Lindi hili ndilo chaguo pekee kati ya manne linalofika mjini bila kujenga tawi. Linamchukua mtu Chikongola na kumshusha Lindi, na likijaa unaongeza jingine. Lakini linabaki barabarani pamoja na malori, na kuanzia Oktoba korosho zikianza kushuka kwenda bandarini kila mtu anajua barabara inavyokuwa. Mvua nayo ni ya kuhesabiwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika Somanga na watu wakakwama siku kadhaa. Reli haina kinga dhidi ya maji hayo. Tuta lake hubebwa vilevile lisipojengewa makalavati ya kutosha. Ila mkoa wenye njia mbili una nafuu kuliko wenye moja.

*Inamfaa nani.* Anayehitaji nafuu sasa. Pia mji unaokua ambao haujajua watu wake watajaa upande gani.

Uchague kwa hali yako

Ukikaa Mikindani au Mangamba na kwenda mjini kila siku, treni ya kawaida haitakugusa. Dai basi zuri kwanza, na lidai kwenye njia iliyotengwa. Njia ya basi ya upande huu na ule inachukua meta 7 hivi, upana ule ule unaotosha reli mbili za tramu. Ikitengwa leo kwa basi, kesho inaweza kulala reli bila kubomoa nyumba ya mtu. Kwangu hilo ndilo jambo la thamani kuliko yote katika ulinganisho huu, maana machaguo haya yanaweza kufuatana badala ya kuuana.

Ukiwa Masasi, Ndanda au zaidi ya hapo, treni ya kawaida inakutosha kwa sharti kwamba stesheni ya Mtwara iwe upande wa mji. Tramu isikupotezee muda. Kwa safari yako viti vizuri na choo kinachofanya kazi vina maana kuliko kushushwa sokoni.

Ukiwa Lindi mjini, usikubali kuambiwa kwamba reli ya Mtwara itakufaa bila kuonyeshwa tawi kwenye mchoro. Tawi likiwapo, gari jepesi la mseto kutoka Mnazi Mmoja hadi ufukweni Lindi ni wazo la kufanyiwa hesabu kwa dhati. Lisipokuwapo, nguvu zote ziende kwenye mabasi.

Ukiwa mpangaji katika halmashauri na una hakika reli inakuja ndani ya miaka 10, linganisha chaguo la kwanza na la tatu kwa pesa za miaka 30, vipuri na mafunzo ya mafundi vikiwemo. Chaguo la pili liwekwe mpaka mji ukue na treni za umeme ziwe zimezoeleka huku. Kama huna hakika hiyo, jenga la nne kwa namna isiyolifungia mlango la tatu.

Na ukiwa mwananchi wa kawaida unayeitwa kwenye mkutano wa kata kutoa maoni juu ya njia ya reli, kuna mambo matatu ya kuuliza mchoro ukiwa bado mezani. Stesheni ya abiria iko hatua ngapi kutoka bandarini na kutoka Chikongola? Kutakuwa na kituo cha kupishania treni Mikindani, au treni za abiria zitasubiri za saruji? Na kati ya stesheni na mji, pameachwa upana gani usioruhusiwa kujengwa? Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari.